Kipanya cha Mashoto

Mimi ni mashoto. Nalitaja mapema kwa sababu ndilo chanzo cha yote, na kwa sababu wauza kompyuta wa Kampala nikiwaambia hunitazama kama mtu aliyesema ana mkia.

Marehemu bibi alijitahidi kunitibu. Nimekulia kambini, baba askari (ndiyo maana Kiswahili changu kinapiga saluti), na kila nilipopeleka mkono wa kushoto kwenye sahani ya muhogo, mwiko ulikuwa umeshawasili. Kula nikajifunza kwa kulia, kusalimia kwa kulia, kupokea hela kwa kulia. Ila kompyuta ilinikuta bibi ameshatangulia, mwenye mwiko hayupo, na kipanya kikaenda zake kushoto. Hakijarudi.

Sasa hicho kipanya kimeugua. Nilikinunua shilingi 15,000 kwa kijana wa barabarani karibu na Old Taxi Park, na huu ni mwaka wake wa nne. Ugonjwa wenyewe: ukibofya mara moja, kinabofya mara mbili. Chini ya kitufe kuna kibati chembamba kinachodunda. Kikichoka, kinadunda tena bila kutumwa. Mimi ni karani wa stoo ya vifaa vya ujenzi. Nabofya "tuma" mara moja, mteja anapata ankara mbili, ananipigia kuuliza mabati ni mangapi na mimi nimekunywa nini.

Hilo la kazini ningelivumilia. Shida ni usiku. Usiku, watu wakilala, huwa nacheza gemu ya kompyuta. Mzee wa miaka arobaini na saba, ndevu zimeshaingia majivu, nimejibanza nyuma ya ukuta wa kuchora na bunduki ya kuchora, namwinda mtoto wa dada yangu aliyeko Mbarara. Ananiua. Ananiua nikiingia, ananiua nikitoka, juzi ameniua nikiwa nimeenda kuzima jiko.

"Tatizo ni kipanya," nikamwambia kwenye simu.

"Sawa, Mjomba. Nunua cha gemu basi, tuisubiri sababu inayofuata."

Jumamosi nikashuka William Street. Kwa asiyepajua: ni majengo yaliyokatwakatwa vibanda mpaka ngazi nazo zina mpangaji. Nikaingia cha kwanza, nikasalimu kwa Kiswahili. Kijana akasimama wima. "Karibu, afande!" Kiswahili kimeandikwa kwenye Katiba kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu 2005, lakini mjini hapa ukikizungumza vizuri bado watu wanakukagua kiunoni kama kuna kitu. Sikumsahihisha. Mwenye akili hasahihishi heshima kabla ya kuulizia bei.

Akanipangia vipanya mezani. Loh! Kila kimoja kinawaka. Kijani, buluu, zambarau, vinapumua taa kama baa ya Kabalagala. Nikauliza taa zinasaidia nini mtu akicheza. Akasema, "Afande, hii ni ya gaming." Nikauliza tena, akanijibu yaleyale kwa sauti ya juu zaidi. Mimi kipanya nakifunika na kiganja kizima. Hizo taa ananunuliwa nani, kiganja?

Halafu akaja na DPI. "Hii ni 16,000!" Sasa mimi hesabu ndiyo kazi yangu. DPI ni nukta ambazo kipanya kinahesabu kikisogea inchi moja. Skrini yangu ina nukta 1,920 kwa upana. Kwa 16,000, nikisogeza kipanya milimita tatu, kishale kimetoka ukuta hadi ukuta. Milimita tatu! Nusu ya punje ya mchele! Nikipiga chafya nitakuta kishale kimehamia Jinja. Nikamwambia mimi nitakiweka 800, nisogeze sentimita sita kama binadamu. Akanionea huruma kweli kweli, kama mtu aliyeagiza basi zima ili apande kiti kimoja.

Kuna na ile ya kuripoti. Kipanya cha kawaida huiambia kompyuta kimesogea wapi mara 125 kwa sekunde. Cha gemu, mara 1,000. Hilo nikalikubali, lina maana, kishale kinakwenda laini. Ila nilimfikiria mke wangu siku ninayochelewa kurudi, nikaona 1,000 nimeshaizoea.

Kimoja kilikuwa na matundu mwili mzima, utadhani mchwa wamepita. Kumbe ndio uzuri wake, ili kiwe chepesi, gramu 60 na kitu. Sisi tumelelewa kupima ubora kwa uzito. Sufuria nyepesi mama alikuwa anairudishia mwenyewe pale soko la Owino. Leo nalipa zaidi ili nipate kidogo. Na hayo matundu, kwa vumbi jekundu la mtaani kwetu? Mwezi mmoja tu unaweza kupanda maharage humo.

Lakini yote hayo ni ngonjera. Balaa lilianza nilipovishika. Kila kipanya kizuri kina bonde la kupumzishia dole gumba, na bonde hilo liko ubavu wa kushoto, kwa mtu wa mkono wa kulia. Ukikishika kwa kushoto, ni sawa na kuvaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto: kimeingia, ila wote wawili mnajuta.

"Vya mashoto viko wapi?"

Kijana akacheka, akamwita mwenzake wa kibanda cha pili, akacheka naye. Vipo duniani. Razer wamewahi kutengeneza Naga ya mkono wa kushoto, yenye vitufe kumi na viwili ubavuni, lakini kuipata William Street ni kutafuta tilapia mlimani.

"Utazoea, afande," akasema. Nchi hii kila kitu ni utazoea. Shimo la barabara utazoea, kiatu kinabana utazoea.

Nilikwenda kusoma nijue nani alituanzia. Kumbe kipanya cha kwanza kabisa, 1964 huko Marekani, wazo la Douglas Engelbart, fundi Bill English, kilikuwa kiboksi cha mbao chenye kitufe kimoja. Kitufe kimoja! Hakikuuliza mkono wala kabila. Halafu tarehe 9 Desemba 1968 Engelbart akakionyesha mbele ya watu San Francisco, wakati huo vitufe vimefika vitatu, na ameshika kwa mkono gani? Wa kulia. Wa kushoto akaupa kibao cha vitufe vitano, ujifurahishe pembeni. Kile kibao kikafa. Tangu hapo sisi tunaburuzwa.

Nikachagua kilicho sawa pande zote, cha waya, hakina bonde, hakina matundu. 120,000. Nikatoa hela. Na katika kuhesabu nikasahau, nikampa kwa mkono wa kushoto. Kijana akazitazama noti, hakuzigusa. "Mzee, na mkono ule mwingine." Tayari nimeshashuka cheo, afande amekwenda.

Nyumbani kikao kikakaa. Mashoto kama mimi hugeuza vitufe kwenye mipangilio, ili kidole cha shahada kiwe ndicho kinachobofya. Nikigeuza, binti yangu Zaina akija kufanya kazi ya shule anabofya, inafunguka menyu, anapiga kelele. Akirudisha, asubuhi nabofya mimi, menyu. Sheria za nyumba zikawa hivi: cha zamani kibaki kimechomekwa kwa ajili yake, upande wa kulia, na yeyote ageuze vitufe anapomaliza. Kompyuta haijali vipanya vikiwa viwili. Vyote vinasukuma kishale kilekile, kama wake wenza na bajeti moja.

Usiku nikaingia vitani. Kumbe "sawa pande zote" ni umbo tu. Vitufe vya ubavuni viko upande mmoja, kushoto, na kwangu vinakaa chini ya kidole cha pete. Kila nikibana kipanya kwa hofu, na mimi vita vyangu vyote ni vya hofu, kimojawapo kinarusha bomu la mkono. Nililirusha miguuni pangu mara nne. Mpwa wangu akaandika: "Mjomba, niache hata moja nikuue mwenyewe."

Nikakata kijiti cha kiberiti, nikakichomeka chini ya kitufe kisibonyee. Hilo likaisha. Likaanza jingine: kila nikifyatua risasi, kishale kinatetemeka, na risasi zinatoka ambazo sikuzituma. Nikiacha kufyatua, kinatulia. Nikafyatua, malaria.

Jumatatu nimeomba ruhusa kazini, bodaboda, foleni, mvua, William Street. Kijana akakichomeka kwake. Kinateleza kama siagi. Akanitazama, nikatazama feni.

Usiku ule mke wangu akasema kutoka chumbani, "Baba Zaina, hiyo mizinga yako, mtoto ana mtihani." Nikazima spika. Nikafyatua: shwari. Nikafyatua tena: shwari. Nikawasha spika, malaria ikarudi. Nikainamia meza.

Zaina, mtoto mwenye utaratibu, akimaliza kazi yake hukiweka kile cha zamani juu ya lile boksi kubwa la spika, la wufa, kisimzuie Baba. Kila nikipiga bunduki, wufa inatikisika, kipanya cha zamani kinacheza juu yake na kusukuma kishale, na kwa ule ugonjwa wake wa kudunda kinabofya na chenyewe, mbilimbili. Usiku kucha nimekuwa nikipigana huku mzee wangu wa 15,000 ananisaidia.

Nikakigeuza mgongo chini, taa yake nyekundu ikatazama dari. Nikacheza kimyakimya, bila spika, mkono imara. Nikampiga mpwa wangu mara mbili mfululizo. Mara ya tatu nikamsubiri nyuma ya ukuta, na kwa kuwa sauti nimeizima sikusikia hatua zake zikija kwa nyuma.

Asubuhi nimefika mezani na chai, mteja wa mabati anasubiri ankara. Kile cha zamani kimerudishwa juu ya wufa, kimefutwa vumbi. Nikabofya.

Menyu.