Usijadili bei ya gari ya demo kabla hujaona karatasi

Ndugu zangu mlioko Marekani, hasa nyie mliofika juzijuzi na mnatafuta gari ya kwanza, hizi gari za demo zinawavuta watu wetu wengi na inaniuma jinsi wanavyosaini harakaharaka. Demo ni ile gari ambayo dila, yaani duka la kuuza magari, alikuwa anawajaribishia wateja, au meneja alikuwa anarudi nayo home, imeshakula maili elfu kadhaa lakini bado inanukia upya, alafu muuzaji anakwambia hii ni mpya kabisa ila tumekushushia bei. Punguzo lipo kweli, na mimi sisemi msinunue. Ila bei isiguswe mpaka ujue taito, yaani hati ya umiliki wa gari, ikoje na waranti ilianza lini.

Gari ikitoka kiwandani inakuja na cheti cha asili, wenyewe wanaita MSO au MCO, na cheti hicho ndo kinageuzwa taito ya mnunuzi wa kwanza. Kama demo haijawahi kuandikishwa cheti bado kipo, basi we ndo mmiliki wa kwanza. Lakini kuna zingine dila ameshaziandikisha kwa jina la kampuni yake, mfano zile wanazoazimisha wateja ambao gari zao ziko sevisi, na hapo unaweza kuhesabiwa wa pili. Hyundai kwa mfano wanatoa waranti ya injini na giaboksi miaka 10 au maili 100,000 kwa mmiliki wa kwanza, wa pili anabaki na miaka 5 au maili 60,000. Hiyo ni hela!

Waranti nayo haikusubiri wewe. Inaanza kuhesabu siku gari ilipoingizwa kazini kama demo, kwa hiyo Toyota yenye waranti ya kawaida ya miaka 3 au maili 36,000, kama imetumika mwaka mzima na kutembea maili 6,000, we umebakiwa na miaka 2 na maili 30,000, iwe muuzaji kasema "full waranti" au hajasema. Chukua namba ya VIN, ile ya herufi na tarakimu 17, pigia idara ya sevisi ya dila mwingine wa kampuni hiyohiyo uulize "in-service date", wanaiona kwenye kompyuta. Ukimaliza weka VIN hiyohiyo kwenye tovuti ya nhtsa.gov uone kama kuna rikoo, yaani kasoro ambayo kampuni imeitangaza irekebishwe, haijatengenezwa, ni bure.

Na sheria ya FTC, shirika la serikali linalolinda wanunuzi, inaihesabu demo kama gari iliyotumika, kwa hiyo karibu majimbo yote lazima iwe na stika ya Buyers Guide inayoonyesha inauzwa na waranti au "as is", yaani kama ilivyo bila waranti ya dila. Isomeni jamani, msione aibu kukaa hapo nusu saa mnasoma, na kama Kiingereza kinasumbua nendeni na mtu. Mwambie muuzaji aandike kwenye mkataba kwamba gari haijawahi kuwa na taito na waranti ilianza tarehe fulani. Akikataa kuandika, ondoka, demo ziko nyingi.