Kwa nini familia ya mwanajeshi wa Marekani isaidiwe kodi bila malipo

Wanaopinga msaada wa bure wa kodi kwa familia za wanajeshi wa Marekani wana hoja isiyostahili kupuuzwa. Mwanajeshi ana mshahara wa uhakika, posho zake za nyumba na chakula hazitozwi kodi, na huduma ya MilTax inayogharimiwa na Wizara ya Ulinzi haijali kipato: hata kanali hupata mshauri, pamoja na programu ya kuandaa ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi ya mwaka, ya serikali kuu na hadi ritani 3 za majimbo. Mfanyakazi wa hoteli mwenye watoto hutegemea vituo vya kujitolea vya VITA, vinavyosaidia watu kuandaa ritani bure na vilivyo chini ya mamlaka ya mapato, IRS, na kwa kawaida vituo hivyo vina kikomo cha kipato. Kwa askari kijana asiye na familia, anayelala kambini na kupokea fomu moja tu ya W-2, ile ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa, msaada huo ni vigumu kuutetea.

Hata hivyo, hoja hiyo hutazama mshahara ikaisahau amri ya uhamisho. Kambi ya Fort Campbell iko juu ya mpaka wa Kentucky, inayotoza kodi ya mapato, na Tennessee, isiyotoza kodi ya mishahara. Chini ya sheria ya 2009, iliyopanuliwa 2018, mke aliyehamia huko kwa sababu ya amri ya mumewe anaweza kubaki na makazi yao ya kisheria Texas, ambako pia hakuna kodi hiyo, hata akiajiriwa upande wa Kentucky. Mwajiri asiyeijua sheria hiyo akimkata kodi ya Kentucky, mama huyo hana budi kuwasilisha ritani katika jimbo asilodaiwa chochote ili arudishiwe fedha zake.

Lakini jambo linalostahili kutazamwa kwa makini kuliko yote ni malipo ya eneo la mapigano. Kwa askari wa vyeo vya chini, mshahara wa kila mwezi aliohudumu katika eneo hilo hautozwi kodi ya mapato ya serikali kuu. Hapo ndipo kuna mtego, kwa maana nafuu ya kodi inayotolewa kwa wafanyakazi wa kipato kidogo, ambayo kwa mwaka wa kodi wa 2024 ilifikia dola 6,960 kwa familia yenye watoto 2, hukokotolewa kutokana na mapato ya kazi. Askari aliyekaa vitani mwaka mzima, na mkewe hana kazi, huonekana hana mapato ya kazi, na nafuu yake ni sifuri. Sheria inamruhusu kuchagua malipo hayo yahesabiwe kwa ajili ya nafuu hiyo tu bila kuyatoza kodi, ila ni lazima ayahesabu yote au ayaache yote. Aliyekaa huko nusu mwaka huenda akajipunguzia nafuu akiyajumuisha, kwa kuwa mapato yakivuka kiwango fulani nafuu huanza kushuka. Jibu hupatikana kwa kukokotoa mara mbili, na dalili pekee iliyo kwenye W-2 ni herufi Q katika kisanduku cha 12. Sioni ni kwa haki gani familia yenye baba aliye vitani iachwe ipoteze maelfu ya dola kwa sababu ya herufi moja.

Wakenya na wengine wa kwetu waliojiunga na jeshi hilo wana fundo la ziada: anayewasilisha ritani ya pamoja na mwenza asiye na namba ya hifadhi ya jamii hukosa nafuu hiyo kabisa, hata kama yeye mwenyewe anayo.

Ndiyo maana naona wapinzani wana haki kuhusu kanali na kijana wa kambini, ambao programu ya kompyuta ingewatosha, lakini wanakosea wanapotaka huduma yote ipunguzwe. Wanaojitolea VITA hufanya mtihani wa IRS, na kuna sehemu maalumu ya masuala ya wanajeshi. Ujuzi huo ndio unaohitajika mezani, ana kwa ana, kwa familia changa zenye watoto na amri za uhamisho. Kosa la ritani hurekebishwa kwa Fomu 1040-X, kwa kawaida ndani ya miaka 3, lakini asiyejua kwamba alipunjwa hataijaza.