Umwambie mama leo au usubiri? Kijana transjenda na siri yake mbele ya wazazi

Swali ambalo vijana transjenda wanaulizana kila siku ni hili, niwaambie wazazi au nikae kimya kwanza, na kila ukiuliza unapewa jibu la haraka haraka, huyu anakwambia sema tu yaishe, yule anakwambia funga mdomo mpaka uwe na kazi yako na chumba chako. Mimi naona kila upande umeshika nusu ya jambo. Ila sitajifanya sina msimamo, nausema mapema kabisa: kuwaambia wazazi ni jambo zuri kulifikia, lakini siku ya kusema ni ya mtoto mwenyewe kuichagua, sio ya rafiki yake, sio ya mwalimu, wala sio ya ndugu aliyeona meseji kwenye simu akakimbia kupeleka habari.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini, maana hapa ndo watu wengi wanachanganya. Kijana transjenda ni yule aliyezaliwa akaandikwa mvulana lakini yeye mwenyewe anajijua ni msichana, au kinyume chake, na wengine hawajioni wamekaa sawasawa upande wowote. Sio habari ya nani anampenda, hilo ni jambo lingine. Na sio ugonjwa wa akili, Shirika la Afya Duniani lilishaitoa hali hii kwenye sura ya magonjwa ya akili kwenye orodha yake mpya ya magonjwa, iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika 2022. Alafu kusema "mama mimi ni transjenda" sio sawa na kusema "mama nataka homoni" au "nataka kufanyiwa operesheni". Wazazi wengi wakisikia sentensi ya kwanza akili inaruka moja kwa moja hadi hospitali, na ugomvi unaanza juu ya kitu ambacho mtoto hata hajakitaja.

Haya, upande wa kusema. Hoja yao kubwa ni kwamba siri ina gharama, na ni kweli ina gharama. Kijana anayeficha anaishi nyumbani kama mtu anayesikiliza mlango muda wote, anachagua maneno, anafuta meseji, anacheka anapotaka kulia, anaitwa jina ambalo kila likitamkwa linamchoma na bado anaitika, tena anaitika vizuri ili asishtukiwe. Hiyo presha inachosha mwili na akili. Na kuna utafiti hapa, sio hisia tu. Mwaka 2018 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya vijana transjenda 129 wenye umri wa miaka 15 hadi 21, wakaangalia wangapi wanaitwa jina walilochagua nyumbani, shuleni, kazini na kwa marafiki, na wakaona kila sehemu moja ikiongezeka, mawazo ya kujiua yalikuwa chini kwa asilimia 29. Jina tu jamani. Kabla ya hapo, 2016, utafiti mwingine wa watoto wadogo ambao familia zao ziliwaacha waishi kama wanavyojijua uliona huzuni yao iko kiwango kilekile cha watoto wenzao.

Lakini hapa naomba tusiende mbio. Tafiti hizo zinaonyesha sapoti na unafuu vinatembea pamoja, hazithibitishi peke yake kwamba kimoja ndo kimeleta kingine. Na kubwa zaidi, zinaongelea watoto waliokubaliwa, hazisemi kwamba ukifungua mdomo mbele ya mzazi yeyote yule utapata unafuu huo. Kinachosaidia ni kupokelewa. Kusema ni kugonga mlango tu, na aliye ndani anaweza akafungua au asifungue, kwa hiyo mtu anayemwambia kijana "jikaze useme" bila kuuliza mzazi wake ni wa namna gani anamsukuma gizani, hata kama nia yake ni njema.

Ndo maana upande wa kusubiri mimi nauheshimu sana kuliko wanavyoupa heshima watu wengi. Wanaitwa waoga, sio waoga hao, wanapiga hesabu. Kijana wa miaka 15 hana kitu ambacho hakitoki kwa wazazi, pa kulala, chakula, ada, simu, hata ruhusa ya kwenda kumuona daktari, vyote viko mkononi mwa mtu yuleyule anayetaka kumwambia. Mtu mzima akikataliwa na wazazi anaumia, mtoto akikataliwa anaweza akalala nje. Wengine hawafukuzwi ila wanatolewa shule, wanafungiwa ndani, wananyang'anywa simu ndo wanakatika na marafiki wote waliokuwa wanawaelewa, au wanapelekwa kwa watu wanaoahidi "kuwarudisha" wawe kama wengine. Hayo mambo ya kurudisha yana madhara yanayojulikana, Malta iliyapiga marufuku 2016 na Canada 2022. Sasa kijana anayejua baba yake ni mtu wa kupiga, alafu anaamua kusubiri miaka mitatu, huyo amedanganya nini? Hajadanganya kitu, anajilinda. Kukaa kimya mpaka uwe salama ni haki yake na asijione msaliti hata kidogo.

Tugeuke kwa wazazi, maana nao wanasemwa vibaya kupita kiasi. Mzazi amekaa na mtoto miaka 14, amemchagulia jina, labda la marehemu mama yake, ana picha za maisha yake yote kichwani, ghafla jioni moja anaambiwa ulichokuwa unakiona sicho. Anaogopa, na mzazi akiogopa mara nyingi inatoka kama hasira. Ukimsikiliza chini ya yale makelele anauliza vitu vya maana kabisa, je ana uhakika, je watu watamfanya nini huko nje, je atajuta. Na kwenye upande wa dawa, wasiwasi wake sio ujinga. Nchini Uingereza daktari Hilary Cass, aliyepewa kazi ya kuchunguza huduma za afya kwa vijana wa namna hii, alitoa ripoti yake ya mwisho Aprili 2024 akasema ushahidi wa dawa za kusimamisha balehe kwa vijana ni dhaifu, na hata kubadili jina na mavazi kwa mtoto sio jambo la kuchukulia kirahisi. Wapo madaktari wengi hasa Marekani wanaoipinga ripoti hiyo, ubishi haujaisha. Ila ripoti hiyohiyo ambayo wazazi wengi wakali wanaitumia kama rungu inasema pia kwamba mtoto anafanya vizuri zaidi akiwa na familia inayomsapoti, na wazazi washirikishwe isipokuwa pale ambapo kuna sababu nzito ya kuamini mtoto atakuwa hatarini. Hiyo "isipokuwa" ndo ninayoishikilia mimi hapa.

Suala la shule linaingia hapohapo. Mwalimu akijua, amwambie mzazi? Marekani wamegawanyika waziwazi, Alabama 2022 ilipitisha sheria kwamba wafanyakazi wa shule wasimfiche mzazi, California 2024 ikapitisha sheria kwamba shule isiwalazimishe walimu kumtangaza mwanafunzi bila ridhaa yake. Nawaelewa wazazi wanaosema mtoto ni wangu nina haki ya kujua. Lakini mwalimu hajui yanayotokea nyumba ile mlango ukifungwa, na habari ikishatoka hairudi, kwa hiyo nipo na California. Mwalimu mzuri amsaidie mtoto kufika kwa mzazi, asimtangulie.

Kuna kitu kwenye lugha yetu ambacho naona hatukitumii. Sehemu nyingine ugomvi mkubwa ndani ya nyumba ni viwakilishi, kwamba mtoto aitwe kwa neno la kiume au la kike kila sentensi. Sisi hatuna huo mzigo, "yeye" ni yeye, "anakuja" ni anakuja, na "mwanangu" haina mwanaume wala mwanamke ndani yake. Mzazi ambaye bado koo limekaza hawezi kutamka jina jipya anaweza kabisa kusema mwanangu, akanunua muda bila kumchoma mtu. Najua haitoshi milele, kuna dada na kaka, kuna binti, na jina lenyewe litafika tu mezani. Ila kwa wiki za mwanzo ni nafasi kubwa ya kupumulia kwa wote wawili.

Kwa kijana ambaye ameshapima na anaona nyumbani kuna usalama, mimi ningeshauri aanze na mmoja, yule ambaye siku zote akiharibu kitu ndo anamkimbilia, na asiseme katikati ya ugomvi, maana kitu kilichosemwa kwa hasira kinasikika kama tusi. Akishindwa kwa mdomo aandike barua, barua inasomwa mara mbili na haikatizwi. Awe na mtu mzima mmoja nje ya nyumba anayejua kwamba leo nasema, na awe anajua atalala wapi usiku ule kama mambo yakigeuka.

Na asilichukue jibu la kwanza kama jibu la mwisho. Yeye amekaa na hili jambo labda miaka minne, analiwaza usiku, ameshasoma kila kitu, mzazi amekaa nalo dakika nne. Mama aliyesema "sitaki kusikia" Jumatatu anaweza akawa ndo yule anayegonga mlango wa chumba Alhamisi usiku, hajui aanzie wapi, anauliza tu umekula.