Tembo wa kwenye lebo

Juzi nilikaa baa moja hapa Derby na rafiki yangu, yeye na bia yake, mimi na soda yangu. Chupa yake ilichorwa tembo, na chini yake hadithi ile ile: bia hii, IPA (India Pale Ale), walibuni Waingereza werevu ili wenzao walioko India wasife kwa kiu.

Werevu gani? Ilikuwa shida tu! Watu wa Burton upon Trent, mji wa gulio ulio hapa jirani, vituo viwili vitatu kwa treni, wateja wao wa bia walikuwa Warusi. Mto Trent ulipofunguliwa kwa mashua hadi Burton mwaka 1712, mapipa yakateremka mpaka bandari ya Hull, yakavuka bahari hadi St Petersburg. Tena bia yenyewe ilikuwa ya kahawia, nzito, tamu. Akaja Napoleon na marufuku zake za biashara. Kisha mwaka 1822 Urusi ikapandisha ushuru, kwisha habari. Samuel Allsopp, mpika bia wa Burton, ana mapipa, mnunuzi hana. Ndipo mkubwa mmoja wa Kampuni ya India Mashariki, ile ya Waingereza ya biashara, alipomnong'oneza kwamba India kuna soko, na Hodgson, mpika bia wa London, analila peke yake.

Basi wakaiga. Ndiyo, wakaiga! Bia ile ya rangi hafifu, chungu kwa hopsi (maua yanayotiwa kwenye bia), Hodgson alikuwa akiisafirisha siku nyingi. (Wanasema ya majaribio ilipikwa ndani ya birika la chai. Siapii, ila nimeipenda.)

Na kilichompiga mweleka Hodgson ni maji. Visima vya Burton vimejaa jasi, madini yenye salfa, na kwa maji hayo uchungu wa hopsi unatoka safi, haukwaruzi koo. Maji ya London yalifaa bia nyeusi. Nilipoanza kuhubiri hivyo, rafiki yangu akaagiza bia ya pipa kutoka Burton, akanisogezea glasi ninuse: njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi. Hiyo ndiyo jasi. Leo wapika bia dunia nzima wanatia jasi kwenye maji yao ya bomba, na Kiingereza kina kitenzi cha kazi hiyo kilichotokana na jina la mji. Halafu sifa anapewa tembo!

Haya, biashara waliijua, siwanyimi. Pembetatu nyekundu ya Bass, wapika bia wa Burton, ndiyo alama ya biashara ya kwanza kusajiliwa Uingereza, mwaka 1876. Na ghala lililokuwa chini ya stesheni ya St Pancras, London, nguzo zake zilipangwa kwa kipimo cha mapipa ya bia ya Burton.

Nilitaka nimpeleke Burton akajionee vyombo vya zamani. Makumbusho yao ya bia yalifungwa 2022 ili jengo liwe ofisi. Tukabaki pale pale baa, tembo anatutazama.