Lafudhi Peke Yake Haimfanyi Mtu

Kwenye michezo ya kuigiza ya mezani, ile ya ukoo wa Dungeons & Dragons iliyotoka Marekani mwaka 1974, kila mchezaji humwigiza mhusika wake kwa maneno, na mwendesha mchezo, anayeandaa hadithi, ndiye anayewasemea watu wote wasio na mchezaji: mlinzi, dalali, mwenye chombo. Hapa Dar njia ya mkato tunaijua, nayo ni lafudhi. Mlinzi Mmasai, mwenye duka Mpemba, tajiri Mchaga. Meza inacheka, mtu kashatambulika.

Wanaoitetea wana hoja. Wachezaji huacha njia uliyowaandalia, wakazama kwenye banda la samaki pale Feri ambalo hukulifikiria kabisa, na muuzaji anatakiwa aongee sasa hivi. Sauti hukumbukwa kuliko wasifu wa kurasa tatu, ambao hata hivyo hakuna atakayeusoma. Halafu sisi ni watu wa utani: Mhehe na Mngoni hutaniana hadi msibani, na hakuna anayenuna.

Nakubali nusu. Mtani hukujibu, tena mara nyingi kwa kukuzidi. Muuzaji wa mezani hana wa kumjibia, maana anayemsemea ndiye anayemcheka.

Tuache adabu, hata kiufundi lafudhi ina upungufu: haikwambii mtu atafanya nini. Chukua dalali wa Kariakoo aliyekwisha kula kodi ya miezi sita ya chumba kwa mtu mwingine, na sasa anawaonyesha wachezaji chumba hichohicho. Anataka walipe na kuondoka kabla mwenye nyumba hajarudi kutoka sokoni. Wakimuuliza kuhusu maji, anajibu harakaharaka. Wakiomba kukaa kidogo wapumzike, jasho linamtoka. Hapo hata asipokuwa na kabila, majibu yanajitunga yenyewe.

Mwongozo wa mwendesha mchezo wa Dungeons & Dragons wa mwaka 2014 una majedwali ya kurushia dadu: mwonekano, mazoea, anachokithamini, udhaifu au siri. Yanasaidia ukikwama, ingawa dadu inaweza kukupa sifa nne zisizosalimiana. Mimi safu ya siri ningeichukua, nyingine ningeziruka.

Lafudhi nisingeifuta. Mvuvi wa Kojani, Pemba, akiongea kama kijana wa Tandale, huo nao ni uongo. Ila ije mwisho, baada ya anachotaka na anachoficha. Na kama mezani yupo Mpemba, aulizwe yeye kwanza mwenye duka anaongeaje.