Nenosiri la mazingira halisi lisikae sebuleni

Asubuhi moja ya Julai, wakati baridi ya Mbeya inauma vidole hata kibodi haishikiki, wakulima kadhaa wa kahawa kule Mbozi walipokea ujumbe wa simu uliosema, "Jaribio 3, kilo 9,999." Niliutuma mimi bila kujua, nikijaribu mfumo wa chama kimoja cha ushirika unaomtaarifu mkulima uzito wa kahawa yake mara inapopimwa. Mzee mmoja alifika hadi mizanini kudai kilo zake, na sikumlaumu.

Nilikuwa nimenakili mstari mmoja kutoka kwenye kazi (maagizo yanayojiendesha yenyewe) ya kupandisha mfumo hewani nikaubandika kwenye kazi ya kupima, na mstari huo uliita nenosiri la hifadhidata halisi, ile yenye taarifa za wakulima wenyewe. Ulikubaliwa kwa sababu nenosiri nililiweka kwenye siri za hazina nzima ya msimbo katika GitHub, mtandao wa kuhifadhia msimbo na kuendeshea kazi hizo, ambako kila kazi ikiliita hulipata.

Kwa maoni yangu, siri ya namna hiyo iwekwe ndani ya mazingira halisi pekee, yaani sehemu ya GitHub iliyotengwa kwa ajili ya mfumo unaotumiwa na watu, kwani huko hupewa tu kazi iliyoyataja mazingira hayo katika faili lake la maagizo (la YAML), tena baada ya mwidhinishaji kukubali, kama yupo. Waidhinishaji waweza kufika 6 na idhini ya mmoja hutosha. Uko pia uwezo wa kumzuia aliyeianzisha kazi asijiidhinishe mwenyewe. (Msimbo wetu uko wazi kwa umma, hivyo ulinzi huu hatuulipii, wenye hazina za faragha waangalie kwanza mpango wao.) Wenzangu husema timu ya watu watatu haihitaji urasimu huo, lakini ni timu hizo hizo zinazopandisha toleo saa nne usiku huku macho yakiuma.

Tena kuna mtego wa jina. Ukiandika "halis" badala ya "halisi", GitHub hailalamiki, bali huunda mazingira mapya yenye jina hilo, yasiyo na mlinzi wala siri. Nenosiri likiwa limefungiwa kwenye mazingira sahihi, kazi itakwama kwa kulikosa. Likiwa la hazina nzima, itapita moja kwa moja bila idhini ya mtu.

Lile la hazina nimelifuta. Sasa mwenzangu wa Mwanjelwa ndiye mwidhinishaji, nami nikimaliza kazi usiku hulazimika kusubiri mpaka aamke.