Ukipata siku moja tu ugenini, chagua mtaa mmoja

Wengi wakipata siku moja ya mapumziko katika jiji la ugenini, wanaanza kwa kuorodhesha vivutio kumi. Mimi naona orodha hiyo ndiyo inayoiharibu siku. Majumba mengi ya makumbusho hufunguliwa saa tatu au saa nne asubuhi na kufungwa saa kumi na moja au kumi na mbili jioni. Toa muda wa kusafiri, wa foleni, wa ukaguzi mlangoni na wa kula, ujiulize zinabaki saa ngapi za kutazama. Ukilazimisha vivutio vitano vilivyotawanyika kila pembe ya jiji, utakachokiona zaidi ni mabehewa ya treni na migongo ya waliokutangulia kwenye foleni.

Ushauri wangu ni huu: chagua kitu kimoja kikubwa unachokitamani kwelikweli, kisha siku iliyobaki itumie kwa miguu katika mtaa unaokizunguka. Mengine yaache.

Istanbul inafaa sana kwa mpango wa namna hii. Eneo la Sultanahmet lina Hagia Sophia, lililokamilika mwaka 537 likiwa kanisa, likageuzwa msikiti mwaka 1453, likawa makumbusho katika karne ya 20, na tangu 2020 ni msikiti tena. Ng'ambo ya bustani kuna Msikiti wa Sultan Ahmed. Jirani kabisa, chini ya ardhi, kuna hodhi la maji la Yerebatan lenye nguzo 336, na mbili kati yake zimekalia vichwa vya mawe vya Medusa, kiumbe wa hadithi za Kigiriki mwenye nywele za nyoka, kimoja kimelazwa ubavu na kingine kimepinduliwa. Mwenye haraka anaviona vichwa hivyo, anapiga picha, anatoka. Asiye na haraka anaanza kugundua kwamba nguzo zenyewe hazifanani, kwa kuwa nyingi zilitolewa kwenye majengo ya kale zaidi. Hapo ndipo utalii unapoanza kuwa na maana, na hapo hafiki mtu anayetazama saa kila baada ya dakika tano.

Kutoka hapo unateremka kwa miguu hadi gati la Eminönü na kupanda kivuko cha kwenda Kadıköy. Kwa takriban dakika ishirini umetoka Ulaya umefika Asia, ukiwa umekaa na watu wanaotoka kazini. Mimi navipenda vyombo vya usafiri vya umma kama hivi kuliko boti za watalii, kwa sababu humo jiji linaendelea na shughuli zake na wewe umo ndani yake. New York nayo ina kivuko cha Staten Island, ambacho ni bure na hupita karibu na Sanamu ya Uhuru.

Najua hoja ya upande wa pili: huenda usirudi tena, kwa hiyo bora uone vyote. Naielewa, na ina uchungu wake. Lakini vyote havionekani hata ndani ya jengo moja. Louvre, jumba la makumbusho kule Paris, limeweka wazi kwa wageni kazi za sanaa takriban 35,000. Ukiitazama kila moja kwa sekunde kumi tu, utahitaji zaidi ya saa tisini bila kulala. Ukishaikubali hesabu hiyo, kuchagua chumba kimoja na kukaa humo hakukuumizi tena.

Kazi ya kweli hufanyika usiku wa kuamkia siku yenyewe, nayo ni kuangalia siku za kufungwa. Louvre hufungwa Jumanne, lakini Musée d'Orsay, makumbusho mengine ya sanaa ng'ambo ya mto, hufungwa Jumatatu. Istanbul, Kasri la Topkapı hufungwa Jumanne, na soko kuu la Kapalıçarşı hufungwa Jumapili. Misikiti haipokei watalii wakati wa swala, na Ijumaa mchana ndiyo ngumu zaidi. Nyumba ya Anne Frank mjini Amsterdam, alimojificha msichana Myahudi aliyeandika shajara wakati wa Wanazi, huuza tiketi mtandaoni tu, kwa hiyo kwenda mlangoni bila tiketi ni kupoteza asubuhi nzima. Kama kivutio chako kina tiketi ya saa maalumu, chukua saa ya mapema kabisa, ili mchana usiwe na miadi na mtu yeyote.

Kwa anayeunganisha ndege, hesabu inaanzia mwisho: chukua saa ya ndege kuondoka, toa saa tatu za kuripoti uwanjani, toa muda wa barabarani, kisha toa na muda wa tahadhari kwa foleni ya uhamiaji. Hakikisha kwanza kama pasipoti yako inahitaji viza ili utoke nje ya uwanja, na kama begi lako litapitilizwa hadi mwisho wa safari au utalazimika kulibeba. Zikibaki chini ya saa nne za kutembea, nenda mahali pamoja palipo kwenye njia ya treni ya uwanja wa ndege, bila kubadilisha treni.